Shoo za Kilimo za Kaunti Nchini Kenya: Zilikotoka, Zilivyokua na Kinachoendelea Uwanjani

Msimu wa shoo ukikaribia, maswali huwa ni yale yale: nani alizianzisha, mbona huku zinafanyika Julai na kule Novemba, ng'ombe hushindaje kombe, na je, bado kuna haja ya kulipa kiingilio? Yanayostahili maelezo marefu nimeyapa marefu, mengine nimeyajibu kwa ufupi. Ulingo wa mifugo na vipando, yaani vishamba vya mfano, nimevipa nafasi kubwa, kwa kuwa naamini hivyo viwili ndivyo vinavyoifanya shoo kuwa shoo.

Shoo ya kilimo ni nini, na ni nani huiandaa?

Ni maonyesho ya siku chache ambapo wakulima, wafugaji, watafiti, kampuni za pembejeo, shule na idara za serikali hukutana katika uwanja mmoja kuonyesha walicho nacho na kushindania tuzo. Watu wengi hudhani ni shughuli ya wizara. Sivyo. Mwandalizi ni Chama cha Kilimo cha Kenya, kinachojulikana zaidi kwa herufi zake, ASK, ambacho kina matawi sehemu mbalimbali za nchi, na kila tawi lina kamati yake na uwanja wake. Rais wa nchi ndiye mlezi wa chama, na ndiyo sababu utamwona akifungua rasmi zile shoo kubwa. Kubwa kuliko zote ni ya Nairobi, katika uwanja wa Jamhuri, ambayo siku hizi inaitwa maonyesho ya kimataifa ya biashara, japo wenyeji bado wanasema tu "shoo ya Jamhuri".

Ilianza lini?

Chama kiliundwa mwaka 1901, kwa jina la East African Agricultural and Horticultural Society. Mwaka huo una maana yake. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, na Desemba 1901 ikafika Ziwa Victoria, pale tunapopaita Kisumu leo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetumia fedha nyingi kwa reli ambayo haikuwa na mzigo wa kutosha wa kubeba. Jibu lake lilikuwa kuwaita walowezi wa Kizungu walime katika nyanda za juu ili reli ipate shehena, na mwaka 1902 ikatunga sheria ya ardhi iliyofungua mlango wa kuwagawia mashamba. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Shoo ya kilimo ilizaliwa ndani ya mpango huo, na anayesimulia historia yake bila kutaja jambo hili anasimulia nusu.

Kwa mlowezi, chama kilikuwa na kazi ya wazi. Alikuwa amefika mahali ambapo hakujua mvua inaanza lini, mbegu gani itakubali, wala kupe gani atamuulia ng'ombe. Bwana Delamere, mlowezi maarufu, alipata shamba lake kubwa la Njoro mwaka 1903, akaleta kondoo wa Merino na ng'ombe wa Ulaya, akapoteza wengi kwa magonjwa. Ngano yake nayo ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Watu walioshindwa namna hiyo walihitaji mahali pa kukutana, kulinganisha mazao na kuulizana nani amefanikiwa na kwa njia gani.

Na desturi yenyewe ilitoka wapi?

Uingereza. Huko vyama vya kilimo vya wilaya vilikuwa vimeanza karne ya 18. Kile cha Bath na magharibi ya nchi kiliundwa 1777. Chama cha kitaifa cha Uingereza kilifanya shoo yake ya kwanza Oxford mwaka 1839, na mtindo huo ndio walowezi walioubeba: ulingo, waamuzi, tepe, kombe, na orodha ndefu ya vitengo vya mashindano.

Wamarekani wana tawi lao la simulizi hii. Mwaka 1807, katika mji wa Pittsfield, jimbo la Massachusetts, mfanyabiashara Elkanah Watson alionyesha kondoo wawili wa Merino hadharani, na watu wakajaa kuwatazama. Kwa kuona kondoo wawili wanatosha kukusanya umati, akajiuliza kundi zima lingefanya nini. Muda si mrefu kaunti ya Berkshire ikawa na chama cha kilimo na shoo ya kila mwaka yenye tuzo, na kutoka hapo wazo la shoo ya kaunti likasambaa Marekani nzima.

Je, Waafrika walishiriki tangu mwanzo?

Uwanjani walikuwepo, lakini si kama washindani. Aliyemlisha ng'ombe, aliyemwosha na aliyeshika kamba yake alikuwa Mwafrika; jina lililoandikwa kwenye tuzo lilikuwa la mwenye shamba. Hali hii haikuwa ya shoo pekee. Kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kulima kahawa, isipokuwa katika sehemu chache zilizofunguliwa kwa majaribio kuanzia miaka ya 1930, kama Kisii na Meru. Utashindania vipi tuzo ya zao ambalo hukuruhusiwa kulipanda?

Mabadiliko makubwa yalikuja na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau. Serikali iliruhusu wakulima wadogo wa Kiafrika kulima kahawa, chai na pareto kwa wingi, ikaanza kuwapa hati za ardhi, na ikawafungulia njia ya kufuga ng'ombe wa gredi, yaani wa maziwa wenye damu ya Kizungu. Nia ilikuwa ya kisiasa: kupata tabaka la wakulima watulivu ambao hawangeunga mkono uasi. Hata hivyo, mkulima aliyepata ng'ombe wake wa kwanza wa gredi alihitaji maarifa ambayo hadi hapo yalikuwa yamefungiwa upande wa pili wa ua.

Baada ya uhuru nini kilibadilika?

Jina kwanza. Miaka ya mwisho ya ukoloni chama kilikuwa kimepewa hadhi ya kifalme, kikiitwa Royal Agricultural Society of Kenya. Ufalme ukaondoka, likabaki jina tunalolijua. Uwanja wa Nairobi, uliokuwa ukiitwa Mitchell Park kwa heshima ya gavana Philip Mitchell, ukawa Jamhuri Park.

Kikubwa zaidi ni waliokuwa wakiingia langoni. Mashamba makubwa ya nyanda za juu yalianza kugawanywa kwa wakulima wadogo kupitia mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962. Maelfu ya familia zikajikuta na vipande vya ardhi, ng'ombe wawili watatu, na mkopo wa kulipa. Shoo iliyobuniwa kwa ajili ya mtu mwenye maelfu ya ekari ikalazimika kumhudumia mwenye ekari tano. Kwa maoni yangu huo ndio ukuaji wenyewe wa shoo za Kenya, kuliko ongezeko lolote la mabanda.

Kwa nini Nakuru hutajwa sana?

Kwa sababu ukichora duara kuzunguka uwanja wa Nakuru, ndani yake utakuta karibu historia yote ya kilimo cha kisasa cha nchi hii. Njoro, mwendo mfupi tu kutoka mjini, kuna kituo cha utafiti wa ngano kilichoanzishwa mwaka 1927 kupambana na ile kutu iliyomtesa Delamere. Kituo hicho bado kiko kazini, na kazi yake imekuwa ya dunia nzima: aina hatari ya kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipoanza kusambaa, ngano kutoka nchi nyingi zililetwa Njoro kupandwa katikati ya ugonjwa ili ionekane ipi itastahimili.

Njoro hiyo hiyo ndiko kulikoanzishwa Egerton mwaka 1939, ikiwa shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu, ambayo sasa ni chuo kikuu cha umma. Naivasha ndiko KCC, ushirika wa maziwa, ilikoanzia mwaka 1925 kukusanya maziwa na kutengeneza siagi, na ndiko kuliko na kundi la taifa la ng'ombe wa Sahiwal, waliotoka India na Pakistan wakaonekana kulifaa joto letu. Lanet kuna utafiti wa ng'ombe wa nyama. Bodi ya pareto ilikaa Nakuru mjini.

Kwa hiyo shoo ya Nakuru, ambayo hufanyika katikati ya mwaka, haikuhitaji kuwabembeleza wataalamu kutoka mbali. Wanaishi hapo. Mkulima wa Bahati, Molo au Subukia anaweza kumkuta mtafiti wa ngano, mhadhiri wa mifugo na fundi wa mashine ndani ya saa moja, na wote wanajua udongo wake.

Na Kitale?

Kitale ni mahindi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, na mwaka 1964 ikatoka mbegu chotara H611. Mzazi wake mmoja alikuwa mahindi yaliyozoea Kitale kwa miaka mingi. Wa pili alikuwa mahindi ya milimani kutoka Ecuador. Watoto wakawazidi wazazi wote wawili. Mkulima mdogo aliyezoea kuweka mbegu ya mwaka jana aliambiwa sasa anunue mpya kila msimu, jambo lililokuwa gumu kukubalika kwa maneno matupu. Alihitaji kuona mstari wa chotara umesimama kando ya mstari wa mbegu ya nyumbani, udongo ule ule, mvua ile ile. Hadi leo shoo ya Kitale hufanyika kuelekea mwisho wa mwaka, wakati mahindi ya Trans Nzoia yanavunwa au yamevunwa, na mazungumzo mengi mabandani huwa ni kuhusu bei ya gunia.

Ng'ombe huhukumiwaje ulingoni?

Hili huulizwa na karibu kila anayesimama kwenye uzio kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwa jicho la haraka ng'ombe wote kumi wanafanana.

Wanaingia kwa vitengo: kwa aina (Friesian, Ayrshire, Guernsey, Jersey, Sahiwal, Boran na kadhalika) na kwa umri na hali, yaani ndama, mtamba, ng'ombe anayekamuliwa, fahali. Kila mmoja anaongozwa na mtu mwenye koti jeupe aliyeshika kamba karibu kabisa na kidevu cha mnyama. Wanazunguka polepole. Mwamuzi anasimama katikati, haongei.

Kwa ng'ombe wa maziwa, anaanza kumtazama kwa mbali: mgongo umenyooka au umebonyea? Miguu ya nyuma imesimama wima au magoti yamegusana? Anakanyaga kwato nzima au anachechemea? Halafu anasogea. Anainama nyuma ya mnyama kutazama kiwele kimeshikwa wapi. Kiwele kizuri kimeng'ang'ania tumboni kwa mbele na kimebebwa juu kwa nyuma. Kikining'inia hadi chini ya magoti kitaumia, kitachafuka, na mwenyewe ataugua kiwele mara kwa mara. Anatazama chuchu nne kama zimelingana na zimeelekea chini. Anapitisha vidole kwenye mshipa mkubwa unaopita chini ya tumbo kuelekea kiweleni. Anapima upana wa kifua na kina cha mbavu, kwa maana ng'ombe wa maziwa anahitaji tumbo kubwa la kuweka majani. Anamaliza kwa kumpanga kila mmoja nafasi yake, wa kwanza hadi wa mwisho.

Kisha inakuja sehemu ambayo wengi huikosa kwa kuondoka mapema: mwamuzi anachukua kipaza sauti na kueleza kwa nini. Anasema huyu nimemweka juu ya yule kwa sababu kiwele chake kimeshikana vizuri zaidi, ingawa yule ana mgongo mzuri kuliko huyu. Ukisikiliza vitengo vitatu mfululizo, utarudi nyumbani na jicho jipya, na siku utakapokwenda mnadani kununua mtamba hutadanganywa na rangi ya ngozi.

Maandalizi nayo ni ya miezi. Mnyama hufundishwa kutembea kwa kamba, kwato zinapunguzwa, nywele za mkia zinachanwa. Asubuhi ya shoo utawakuta wachungaji wameamka kabla ya jua kuosha ng'ombe kwa sabuni, kuanzia masikio hadi kwato.

Nyuma ya tuzo kuna daftari. Kwa muda mrefu kumbukumbu za ukoo wa mifugo ya kizazi nchini zilihifadhiwa chini ya chama hiki, na kituo cha Kabete kimekuwa kikitoa mbegu za mafahali kwa uhimilishaji tangu 1946. Fahali mmoja mzuri anayetambuliwa leo anaweza kuwa baba wa ndama katika vijiji ambavyo hatafika kamwe.

Vipando vya mfano huandaliwaje?

Kwa kuanza mapema mno. Shoo ya Nairobi hufanyika mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kipindi ambacho mashamba mengi ya jirani ni makavu. Ili mgeni akute mahindi yamebeba, kabichi zimefunga na nyanya zinaiva, lazima upande miezi mitatu minne kabla na umwagilie kila siku. Wenye ujuzi hupanda zao moja kwa awamu, wiki mbili baada ya wiki mbili, ili siku ya shoo uone mmea ukiwa mchanga, ukichanua na ukikomaa, yote ndani ya hatua kumi.

Kipando kizuri kina kibao chenye jina la aina, tarehe ya kupanda, nafasi na mbolea iliyotumika. Kwa mahindi utaona mara nyingi sentimita 75 kati ya mistari na 25 au 30 kati ya mashimo. Piga picha ya kibao, si ya mahindi peke yake. Kama kibao hakipo, muulize mhudumu. Asipojua tarehe ya kupanda, sina imani na lolote atakalokuambia kuhusu mavuno.

Kuna mambo ambayo hayaeleweki mpaka uyaone yameota. Mfano ni mbinu ya "vuta-sukuma" iliyobuniwa na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza: desmodiamu inapandwa katikati ya mistari ya mahindi, nyasi ya nepia inapandwa kuzunguka shamba. Desmodiamu inafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua na kuzuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, nepia inawavuta nondo hao watage nje. Ukimwelezea mkulima kwa maneno atatikisa kichwa. Mpeleke mstari kwa mstari, mwonyeshe mahindi yasiyo na kiduha, mchanie bua la nepia aone, na mwambie kuwa vyote viwili ni malisho ya ng'ombe wake. Hapo ataanza kuuliza mbegu inapatikana wapi.

Vivyo hivyo kwa magonjwa. Ugonjwa hatari wa manjano na kukauka kwa mahindi ulionekana Bomet mwaka 2011, viwavijeshi vamizi wakaingia nchini 2017. Mara zote mbili wakulima walihitaji kuona jani lililoathirika kwa macho yao wenyewe, walishike, walilinganishe na la shambani kwao.

Klabu za 4-K zinahusikaje?

Zilianza 1962, kwa mfano wa klabu za 4-H za Marekani, chini ya wito wa Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Watoto wa shule za msingi walilima vishamba, wakafuga sungura na kuku, wakaleta mazao yao kwenye shoo. Vilabu vya wakulima vijana vikafanya kazi hiyo katika shule za upili. Baadaye 4-K zilififia, zikazinduliwa upya kitaifa mwaka 2021.

Nawaomba walimu wasiwalete wanafunzi uwanjani kama kundi la matembezi tu. Mtoto aliyeleta sukumawiki yake ikawekwa mezani, ikapimwa na ikapewa alama, atakumbuka siku hiyo kuliko aliyezungushwa mabanda hamsini kwa foleni.

Shoo ya Mombasa ina tofauti gani na za bara?

Uwanja wake uko Mkomani, na hufanyika karibu na Agosti na Septemba. Tofauti ni ya kilimo chenyewe. Huku mkulima anauliza kuhusu mnazi, korosho, muembe, muhogo, mbuzi na samaki. Mnazi mrefu wa Pwani huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa na nyumba nyingi zina minazi iliyozeeka. Swali la kupanda mingine, na ya aina gani, ni swali la urithi wa familia. Embe nazo zina wapenzi wake: ngowe, boribo, dodo, epo. Wakulima wa mwani wa Kibuyuni, kaunti ya Kwale, wamethibitisha kuwa kilimo kinaweza kufanyika ndani ya bahari, na wengi wao ni akina mama.

Ningependa shoo ya Pwani ijivunie zaidi haya na iige kidogo zaidi mtindo wa nyanda za juu. Friesian ni mnyama mzuri, lakini si mnyama wa Ganze, kwenye ukame wa Kilifi.

Ugatuzi ulibadilisha nini?

Mengi. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47 na kuzipa jukumu la mazao, mifugo, uvuvi na udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, afisa wa ugani ni mtumishi wa kaunti. Matokeo yake, banda la kaunti limekuwa kama kioo ambacho wananchi humtazamia gavana wao: wanaona ni zao gani limepewa kipaumbele na kuuliza mtambo ulioahidiwa uko wapi. Kaunti jirani zikiwekwa kando kwa kando, ulinganisho hufanyika wenyewe.

Upande wa utafiti pia, taasisi kadhaa ziliunganishwa chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kwa hiyo mkulima hupata wa kahawa, wa chai, wa sukari na wa mifugo chini ya jina moja.

Shoo zimewahi kusimama?

Ndiyo. Mwaka 2020 janga la korona lilifunga viwanja, na wafugaji waliokuwa wameandaa wanyama wao wakabaki nyumbani.

Kuna wakati viwanja vilifanya kazi nyingine kabisa. Mapema 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walipiga kambi katika viwanja vya shoo vya Nakuru, Eldoret na Jamhuri. Wengi wao walikuwa wakulima. Nyasi ambazo ng'ombe wa mashindano hupitishwa zilijaa mahema, na katika baadhi ya sehemu watu walikaa kwa miezi mingi. Yeyote anayesema uwanja wa shoo ni ardhi inayokaa bure mwaka mzima akumbuke hilo.

Viwanja hivyo viko salama?

Miji imekua na kuvizunguka, na ardhi yake ni ghali. Kisumu, sehemu ya uwanja wa Mamboleo ndiyo iliyojengwa uwanja mkubwa wa michezo uliotumika kwa sherehe za Madaraka mwaka 2021. Uwanja wa michezo ni faida kwa mji. Ila vipando haviwezi kuhamishiwa ukumbini, na udongo uliotunzwa kwa miaka mingi hauhami na lori. Kila tawi linapaswa kuwa na hati zake na kuzilinda.

Mbona siku hizi naona bembea na nguo kuliko ng'ombe?

Lalamiko hili lina ukweli. Wauzaji wa nguo, vyombo na vitu vya kuchezea hulipia nafasi, bembea huvuta watoto, na fedha hizo husaidia kuendesha maonyesho. Sina ugomvi na bendi ya jeshi, mbwa wa polisi wala samani za magereza, ambazo kwa haki zina sifa ya uimara. Furaha ni sehemu ya shoo tangu zamani, na familia nyingi zisingekuja bila hiyo.

Tatizo huanza pale ulingo unaposukumwa pembeni, kipaza sauti cha matangazo kikazima sauti ya mwamuzi, na mkulima akamaliza siku bila kukutana na mtu wa kumjibu swali. Ningepanga uwanja upya: lango liingie moja kwa moja kwenye vipando, ulingo uwe katikati wenye viti na kivuli, biashara ndogo zikae mwisho karibu na mlango wa kutokea. Pia kila kitengo kitenge tuzo ya mfugaji mwenye ng'ombe wasiozidi watatu. Sehemu kubwa ya maziwa ya nchi hii hutoka kwa watu hao, na bado makombe mengi huenda kwa mashamba makubwa na taasisi.

Majirani wana kitu kama hiki?

Watanzania wana Nane Nane, na wameifanya 8 Agosti kuwa sikukuu ya taifa ya wakulima, jambo ambalo sisi hatujafikia. Maonyesho yao hufanyika kwa kanda: Nzuguni jijini Dodoma, John Mwakangale Mbeya, Themi Arusha, Ngongo Lindi, Nyakabindi Simiyu na kwingineko. Uganda hukutana Jinja, Rwanda hukutana Mulindi, Kigali.

Ni siku gani bora kwenda, na nibebe nini?

Kama lengo ni kujifunza, nenda siku ya kwanza au ya pili. Hukumu za mifugo mara nyingi hufanyika mwanzoni, wahudumu hawajachoka, na vipando havijakanyagwa. Siku ya ufunguzi rasmi barabara hufungwa na ulinzi huwa mkali. Siku ya mwisho ni ya familia.

Beba daftari na kalamu, na jani au mmea unaokusumbua ukiwa umefungwa ndani ya chombo kisichovuja chenye kifuniko, bila kukifungua njiani. Kama unataka udongo wako upimwe, uchukue kutoka sehemu mbalimbali za shamba, uchanganye, ubebe kiasi cha nusu kilo na ukumbuke kuandika ulipanda nini msimu uliopita. Ukinunua mbegu, kagua kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na mimea, kwenye pakiti, ukwangue na utume namba yake kwa ujumbe mfupi kabla hujaondoka bandani, ukiwa bado umesimama mbele ya aliyekuuzia.